Mwaka wa tatu nasomea Kiarabu chuoni, Mmisri kaniaibisha Kariakoo. Kosa liko wapi?

Mtemi wa Nzega #1

Wakuu, heshima kwenu.

Nipo mwaka wa tatu, shahada ya sanaa na ualimu, somo langu kuu ni Kiarabu. Chuo sikitaji. Matokeo si haba, nikipewa sentensi naichambua irabu yake mpaka neno la mwisho.

Likizo hii nimefikia kwa mjomba, ana duka la vitambaa Kariakoo. Juzi kaingia Mmisri. Mjomba akanisukuma mbele kwa fahari: "Huyu mtoto wa dada yangu anasoma lugha yenu chuo kikuu!" Yule bwana akafunguka. Wakuu, sikuambulia kitu. Maneno yalinipita kama daladala iliyojaa. Nikadaka moja tu, "mia mia", nikamgeukia mjomba: "Anasema anataka kwa mia mia." Mjomba akaruka: "Mia mia ya wapi? Kwa mia siku hizi unapata hata kashata?" Pakachafuka pale.

Ikabidi aitwe kijana wa duka la simu jirani, aliwahi kufanya kazi Dubai, shule aliacha kidato cha pili. Dakika tano wameelewana. Kumbe "mia mia" kwa Wamisri ni kusema mambo safi kabisa, asilimia mia. Jamaa alikuwa anasifia kitambaa.

Sasa nauliza: miaka mitatu nimesoma nini? Kosa ni langu, la chuo, au la Kiarabu chenyewe?

Konda wa Gongolamboto #2

Mjomba bado anakupa nauli? 😂😂 Nimeleta kigoda, wajuzi shukeni.

Nahodha Bila Chombo #3

Pole mkuu, ila hilo halina siri. Wewe umesoma fus-ha, Mmisri kaongea ammiya. Hizo ni kama lugha mbili zinazoishi nyumba moja. Fus-ha ni ya vitabu, hotuba na taarifa ya habari. Ammiya ni ya sokoni, jikoni na kwenye ugomvi. Hakuna Mwarabu anayezaliwa akiongea fus-ha.

Mimi nilikwenda Cairo nikiwa na stashahada ya Kiarabu mkononi. Wiki ya kwanza nikaenda kununua mkate mtaa wa Darrasa, karibu na chuo cha Azhar. Nikasema kwa ufasaha wangu wote, "Uriidu khubzan." Watoto waliokuwa kwenye foleni walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akaniuliza kama nimetoka kwenye tamthilia ya kihistoria. Kule mkate unaitwa "esh" na "nataka" ni "aayiz". Herufi qaf wanaimeza, moyo ("qalb") unakuwa "alb". Herufi jim wanaitamka kama g ya "gari". Ukimaliza kuyazoea hayo, nenda Ghuba uagize "esh" uone, utaletewa wali.

Mpiga Debe Mstaafu #4

Ngoja niulize la kijinga. Mtoa mada anasema anachambua "irabu". Irabu si a e i o u? Chuo kikuu mnafundishwa a e i o u?

Bint Mkunazini #5

Mpiga Debe si la kijinga hata kidogo, umegusa donda. Kwenye Kiswahili irabu ni vokali. Kwenye Kiarabu *i'rab* ni ile hali ya mwisho wa neno kubadilika kufuatana na kazi yake katika sentensi, kitaabun, kitaaban, kitaabin. Na si hilo tu. Msamiati wote wa kitaaluma tuliukopa kisha tukauhamisha vyumba. Sarufi kwetu ni kanuni zote za lugha, kwao *sarf* ni elimu ya maumbo ya neno tu. Nahau kwetu siku hizi ni "piga chini", "kula chumvi nyingi", kwao *nahw* ndiyo hiyo kanuni ya sentensi. Fasihi kwetu ni riwaya na mashairi, kwao *fasih* ni msemaji hodari. Na riwaya na mashairi wao wanaita *adab*.

Nilipomwambia marehemu bibi kuwa mwanafunzi mwenzangu kapata nafasi Kitivo cha Adabu, alishukuru Mungu. Akasema ndicho alichokikosa yule mtoto tangu mdogo.

Konda wa Gongolamboto #6

Bibi alikuwa na akili sana 😂

Zol wa Tandika #7

Nahodha, nakuheshimu ila hiyo ya ammiya ni kisingizio tunachopenda wote tuliosoma Kiarabu. Kipimo chake ni rahisi. Mtoa mada, fungua Al Jazeera ya Kiarabu usiku huu. Ile ni fus-ha tupu, msomaji anatamka vizuri, hamezi qaf. Sikiliza taarifa ya dakika kumi halafu urudi utuambie umeelewa nini. Ukielewa yote, Nahodha kasema kweli. Usipoelewa, Mmisri hana kosa.

Mtemi wa Nzega #8

Zol umenivua nguo hadharani. Nimejaribu sasa hivi. Nimeelewa "rais", "wizara", "mkutano" na kwamba kuna jambo limetokea asubuhi. Niliposoma habari ileile kwa maandishi kwenye tovuti yao, nikaelewa zaidi ya nusu.

Zol wa Tandika #9

Basi masikio yako ndiyo hayajasoma. Macho yana shahada, masikio yako chekechea.

Mie nilikuwa Khartoum, chuo kikuu cha Jamiatu Ifriqiya al-Alamiyya. Mwaka mzima wa mwanzo ilikuwa lugha tu kabla ya fani. Mwalimu haongei neno la Kiingereza, bwenini unakaa na Mchadi, Msomali na Mnigeria, na lugha pekee inayowaunganisha ni Kiarabu kibovu chenu wenyewe. Hicho kibovu ndicho kilichonifundisha. Unakosea mara mia kwa siku bila aibu, maana wote mnakosea. Vita ilipolipuka Aprili 15, 2023 tukarudishwa nyumbani na begi moja moja. Masomo yangu yameishia njiani, lakini lugha nimerudi nayo.

Bint Mkunazini #10

Pole sana kaka, Mungu akufungulie njia nyingine.

Nami nina langu. Nafundisha Kiarabu sekondari mwaka wa tisa huu, na chuoni nilipita njia ileile ya mtoa mada. Darasa zima tulifundishwa Kiarabu kwa Kiswahili. Mhadhiri anaingia, anasema "Leo tutaangalia mubtada na khabari", yaani kiima na kiarifu, anaeleza saa mbili kwa Kiswahili safi, anaandika mifano mitatu ubaoni, anatoka. Zayd kampiga Amr. Amr kapigwa na Zayd. Miaka mitatu Amr anapigwa na hakuna aliyemuuliza kwa Kiarabu kafanya nini.

Mtihani nao: tia harakati (alama za vokali), chambua irabu, tafsiri. Hakuna kusikiliza, kuongea ni dakika chache mwisho wa muhula na unajua swali kabla hujaingia. Mtoto husoma kinachotahiniwa.

Mzee Kanzu Nyeupe #11

Mwalimu Bint, msiitukane nahau. Bila nahau hujui nani kampiga nani. Sisi tulianza na Ajurumiya, kile kitabu kidogo cha nahau, msikitini, tumehifadhi kwa moyo, na tunasoma kitabu chochote bila harakati. Vijana mnataka kuongea tu kama makuli wa bandarini.

Bint Mkunazini #12

Shikamoo mzee. Sijaitukana, naifundisha kila siku. Nasema imeachwa peke yake mezani bila mboga.

Mzee Kanzu Nyeupe #13

Marahaba mwanangu. Hapo sawa.

Maskani Old Town #14

Salaam zenu toka Mombasa. Mimi naona tatizo la mtoa mada ni bara 😄 Nzega na Kiarabu wapi na wapi? Sisi wa Pwani herufi tunazo mdomoni toka utotoni: dh, th, gh, kh. Huku Kenya Kiarabu kipo mpaka kwenye mtihani wa kidato cha nne, na watoto wa Lamu na Mombasa wanakifagia. Mtu wa bara atakwambia "zahabu" halafu ashangae haeleweki.

Mtemi wa Nzega #15

Ami yangu wa Old Town, dh nilijifunza wiki moja. Nikujaribu nawe: tofautisha kwa mdomo *'aliim* ya herufi ain na *aliim* ya herufi hamza. Moja ni mjuzi sana, nyingine ni yenye kuumiza. Kiswahili chote, cha Pwani na cha bara, ain hakina. Mwarabu ukimsifia shekhe wako kwa mdomo wa Old Town anasikia unasema shekhe anauma.

Na kwa taarifa yenu, mimi ni Mkristo, madrasa sijawahi kuikanyaga. Nilianza alif chuoni nikiwa na miaka 21. Darasani nilikuwa wa mwisho kwa kusoma, mwaka wa pili nikawapita wengi waliotoka madrasa.

Konda wa Gongolamboto #16

Mkristo unasomea Kiarabu unatafuta nini huko? Nauliza tu sina nia mbaya.

Nahodha Bila Chombo #17

Konda, Misri kuna Wakopti kwa mamilioni, misa zao Kiarabu kimo. Lebanoni vilevile. Lugha haina kanzu.

Mtemi wa Nzega #18

Natafuta ukalimani. Kiarabu ni moja ya lugha 6 rasmi za Umoja wa Mataifa, na Umoja wa Afrika kinatumika sambamba na Kiswahili. Wakalimani wa Kiswahili kwa Kiarabu moja kwa moja, bila kupitia Kiingereza, mnawajua wangapi?

Bint Mkunazini #19

Hilo la Mtemi kuwapita wa madrasa si ajabu, nimeliona darasani kwangu. Aliyetoka madrasa anaingia na hazina kubwa: herufi anazijua, matamshi anayo, aya kahifadhi. Lakini ana tabia moja ngumu kuivunja, amezoea kusoma bila kuelewa na hashtuki. Nilikuwa hivyo. Miaka sita nilikuwa nasoma kama maji, chuoni nikapewa gazeti lisilo na harakati nikagonga mwamba. Kaf-ta-ba peke yake unaweza kuisoma *kataba* kaandika, *kutiba* imeandikwa, *kutub* vitabu, *kattaba* kaandikisha. Anayejua maana anachagua papo hapo. Anayesubiri harakati zimwongoze anakaa. Mtemi alianza hana kitu, kwa hiyo kila neno alilosoma alilazimika kulielewa.

Maskani Old Town #20

Hiyo ya aliim nimeijaribu mbele ya ndugu yangu anayesoma Madina. Amecheka. Naondoa hoja kwa muda 😅

Profesa wa Kijiweni #21

Mnajichosha bure. Kiswahili zaidi ya nusu ni Kiarabu, kwa hiyo kwetu inabidi kiwe rahisi. Ni uvivu tu wa wanafunzi.

Bint Mkunazini #22

Profesa, hiyo "zaidi ya nusu" umeipima kwa mizani gani? Maneno yaliyokopwa ni mengi, sawa. Lakini *ninakuandikia* yote ni kibantu, na sarufi haina hata uzi wa Kiarabu. Hata "kitabu" tulipokipokea tulikifanya ki- ya kwetu tukapata "vitabu", wakati wao ni *kutub*.

Na hayo maneno ya kukopa ndiyo yanayodanganya kuliko yote. Sakafu kwetu iko chini, kwao *saqf* iko juu, ni dari. Tajiri kwetu mwenye pesa, kwao mfanyabiashara hata akiwa amefilisika. Ajali kwetu basi limepinduka, kwao *ajal* ni muda wa mtu uliokadiriwa. Starehe kwetu muziki na nyama choma, kwao *istiraaha* ni mapumziko. Fedha yao ni madini ya kuvaa sikioni. Mwanafunzi wa Kiingereza akikuta neno geni anafungua kamusi. Mswahili hafungui, anadhani analijua.

Nahodha Bila Chombo #23

Usisahau tafadhali! Nilimaliza mwezi Cairo naingia dukani nasema "tafaddal, maji". Muuzaji ananitazama. Kumbe *tafaddal* ni ya anayetoa: karibu, chukua, pita. Anayeomba anasema *min fadlak* au *law samaht*. Mwezi mzima nilikuwa nawakaribisha watu wachukue maji yao wenyewe.

Na marhaba. Mtu mzima akanisalimia "marhaba", nikaona aibu, maana shikamoo sikuwa nimetoa.

Maskani Old Town #24

Mnaonaje *kalbi*? Huku kwenye mashairi na taarabu kalbi ni moyo. Jamaa yangu alimwandikia binti wa Kiyemeni kwa herufi za Kiarabu, akaandika kwa kaf badala ya qaf. Akamwita "mbwa wangu" mistari minne.

Konda wa Gongolamboto #25

Hii chai. Ila nimeipenda 😂😂 waliishiaje?

Maskani Old Town #26

Kamuoa Mgiriama.

Kibarua wa Ruwi #27

Salaam toka Maskati. Mimi nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili, babu alirudi Omani miaka ya sabini akitokea Unguja. Nimesoma shule za hapa, Kiarabu cha mtaani kwangu ni maji ya kunywa. Lakini mtihani wa fus-ha shuleni nilipigwa vibaya, na wenzangu ambao hawana hata tone la Kiswahili walipigwa zaidi yangu. Irabu inawatoa jasho Waarabu wenyewe. Mtemi akija huku atanishinda kuchambua sentensi, mimi nitamshinda kununua samaki. Sasa nani kati yetu anajua Kiarabu? Sijui kama swali lake lina jibu.

Mzee Kanzu Nyeupe #28

Kibarua kasema jambo. Kumbukeni imamu wa nahau, Sibawayhi, alikuwa Mwajemi. Aliyewafundisha Waarabu nahau yao si Mwarabu.

Kibarua wa Ruwi #29

Mzee, malizia na mwalimu wake basi! Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, asili yake Omani, ndiye aliyeandaa kamusi ya kwanza ya Kiarabu, na akaianza kwa herufi ya ain, hiyohiyo inayowatesa 😄

Mzee Kanzu Nyeupe #30

Haki yako. Na huyo Sibawayhi mnajua alivyoshindwa Baghdad? Aliitwa kwenye mjadala mbele ya waziri Yahya al-Barmaki, akakutanishwa na al-Kisai, mjuzi wa nahau wa mji wa Kufa. Sentensi yenyewe: nilikuwa nadhani nge anauma kuliko nyigu, kumbe ni yaleyale. Mwisho wake iwe *fa-idha huwa hiya* au *fa-idha huwa iyyaha*? Sibawayhi akasema la kwanza tu. Wakaletwa mabedui waamue, wakamuunga mkono al-Kisai. Wengi wanasema mabedui walishapangwa. Sibawayhi akaondoka, akafa si muda mrefu baadaye, watu wanasema kwa simanzi.

Mpiga Debe Mstaafu #31

Mtu kafa kwa ajili ya nyigu. Mtemi, rudi Nzega ukalime.

Theluji ya Minnesota #32

Niongeze la saa. Taasisi inayofundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani inakiweka Kiarabu kundi gumu kabisa pamoja na Kichina, Kijapani na Kikorea. Makadirio yao ni saa 2200 za darasani. Mtemi, chuo kwenu mnapata saa ngapi?

Mtemi wa Nzega #33

Za lugha yenyewe, tuseme 6 kwa wiki. Wiki kama 30 kwa mwaka. Miaka mitatu: 540.

Theluji ya Minnesota #34

Hata robo haijafika. Kesi imekwisha.

Bint Mkunazini #35

Haijaisha bibie. Hizo 2200 ni za anayeanza na Kiingereza kichwani. Mswahili anaanza na maneno mia kadhaa ambayo angalau nusu yake hayamdanganyi, na kuna mambo ya kitenzi ambayo Mwingereza hana. Sisi tuna jua, juza, julisha, juana. Wao wana *'alima* kajua, *'allama* kafundisha, *ta'allama* kajifunza. *Kaatabahu* ni kaandikiana naye. Mwanafunzi wangu nikimwonyesha hivyo anaona kumbe kitenzi kuzaa vitenzi ni jambo la nyumbani. Hata kamusi, mtu analalamika kwa nini *maktaba* haiko kwenye mim, iko kwenye kaf. Nawe *wanapikiana* unalitafuta kwenye W?

Ila namba zinatuua sote, sikatai. Wanaume watano, namba inavaa alama ya kike. Wanawake watano, inavaa ya kiume. Na mchezo huo unaanzia tatu.

Zol wa Tandika #36

Hata saa zikiwa 5000, kama ni za Zayd kumpiga Amr hazisaidii. Mimi mwaka mmoja wa Khartoum ulinitosha kuongea. Si idadi, ni unaongea na nani.

Theluji ya Minnesota #37

Zol, mwaka mmoja wa kuamka na kulala na Kiarabu ni saa ngapi? Piga hesabu halafu uone kama hatusemi kitu kimoja.

Zol wa Tandika #38

Hatusemi kitu kimoja. Kuna wenzangu walikaa Khartoum miaka minne, chumba kimoja Watanzania watupu, wanapika ugali, wanasikiliza mechi ya Simba na Yanga kwa simu. Wamerudi na Kiarabu cha kuombea chumvi.

Nahodha Bila Chombo #39

Hapo Zol nakuunga mkono. Cairo, bweni la Buuth, tulikuwa na jamaa wa hivyo. Na walikuwa wanafaulu mitihani kutuzidi.

Mtemi wa Nzega #40

Wakuu nimerudi, wiki mbili sasa. Yule Mmisri kaja tena dukani. Safari hii nilimuomba mapema, kwa fus-ha, aongee polepole na aongee kama mtu wa taarifa ya habari. Akacheka sana, akaita mwenzake aje anisikilize. Lakini alijitahidi, akawa anapandisha maneno yake kwenye fus-ha, nami nikimsogelea na hizo *aayiz* za Nahodha nilizozikariri. Tulikutana katikati. Kitambaa robota nane, bei wamekubaliana, akasema atakuja na pesa "bukra, in shaa Allah".

Konda wa Gongolamboto #41

Na bukra ikafika?

Mtemi wa Nzega #42

Leo siku ya nne. Mjomba ananiuliza kama bukra nimeitafsiri sawasawa.

Mzee Kanzu Nyeupe #43

Bukra ni kesho, hapo huna kosa mwanangu. Ila hiyo "mia mia" ya siku ile ya kwanza bado inanisumbua. Ni marfuu au mansubu, yaani mwisho wake ni -un au -an? Mwalimu Bint, njoo tuichambue.